Miguu ya Bibi Subilaga

Mara ya tatu Hiza alipokataa kwenda kushoto, miguu ilikwenda kushoto.

Aliiona kabisa inavyokwenda. Njia ilikuwa hapo mbele yake, ukanda mwembamba wa mawe magumu uliokatiza kwenye tope na kupotelea ndani ya ukungu baada ya hatua kama ishirini. Aliikazia macho. Alijiambia kwa sauti, "Nyoosha, Hiza. Nyoosha, bwana." Akafika penye mti mkavu uliopasuliwa na radi, na hapo goti la kulia likalegea, nyonga ikageuka, na mwili wake wote, kilo tisini na ushee, ukateremka bondeni kupitia majani marefu kama muuza mitumba anayewakimbia mgambo. Mkono ukapanda wenyewe, ukaishika kofia ya koti na kuivuta mpaka usoni. Mgongo ukainama. Akatembea hivyo, kichwa chini, hatua arobaini na moja. Alijua idadi kwa sababu alizihesabu mara mbili zilizotangulia. Nyuma ya jiwe kubwa akachuchumaa.

Basi. Hapo miguu ikanyamaza.

Alisubiri. Hakujua anasubiri nini. Moyo ulimdunda kwa hofu isiyokuwa yake, hofu yenye adabu, ya mtu anayeogopa kuonekana na si kuumizwa. Alipochungulia juu ya jiwe, shingo ilirudi chini yenyewe. Akatukana. Matusi ya Kisambaa yana uzito wake, lakini ukungu wa milima ya Busokelo haukuyajali.

Saa yake ilionyesha saa sita na robo mchana. Tumboni, chini ya shati, alikuwa amejifunga kisanduku chenye chupa kumi na tisa za dawa hai: vijidudu vyema vinavyokula vijidudu vibaya, vinavyodumu kwa joto la mwili wa mtu na si zaidi ya saa thelathini. Vyake vingekufa saa tisa. Kutoka hapo hadi kijiji cha Isumba ulikuwa mwendo wa saa mbili na robo, kama miguu ingekubali kwenda.

Akapanda tena mpaka kwenye mti. Miguu ikampeleka tena kushoto.

* * *

Hiza Shekimweri alikuwa msafirishaji mwenye jina. Miaka saba nyuma jua lilitapika moto, likazichoma setilaiti zote angani, na watu wakagundua jambo la aibu: hakuna aliyekuwa anajua njia. Wajukuu wa watu waliovuka nchi nzima kwa miguu walikuwa wakipotea kati ya nyumbani na sokoni, maana tangu utotoni waliongozwa na simu, pinda kulia, pinda kushoto, umefika. Ndipo mafundi walipoanza kuziazima njia kutoka vichwani mwa wazee. Hiza alikuwa amebeba njia arobaini na kitu za watu wengine, na zote alizirudisha salama. Msemo wake, ambao wenzake walikuwa wameshauchoka, ulikuwa "Hiza hapotei."

Asubuhi ya siku iliyotangulia alikuwa ameketi kitini kwenye zahanati ya Matembo, kichwa ameinamisha, wakati Bupe akimpachika punje nyuma ya sikio. Bupe alikuwa fundi wa njia wa zahanati ile, dada mwembamba asiyecheka kazini. Punje yenyewe haizidi mbegu ya ufuta. Kwenye kitanda cha pembeni aliketi Bibi Subilaga, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, miguu ikining'inia bila kufika sakafuni, nyuma ya sikio lake kipande cha pamba chenye doa la damu.

"Sikiliza, kaka Hiza," alisema Bupe. "Najua umeshayasikia, lakini utayasikia tena. Njia si picha ukatoa nakala. Njia ni kama jembe, likiwa kwako haliko kwa jirani. Kuanzia sasa Bibi haijui njia ya Isumba. Ukirudi naichomoa kwako, namrudishia mwenyewe. Una siku nne. Zikizidi, inaota mizizi."

"Na kufuli?"

"Kila njia ina watu wake. Uliyepita naye, uliyemkuta, mlichokicheka. Hao nimewafungia wote pamoja. Wewe umepewa miguu, hukupewa moyo. Ukibonyeza punje mara tatu, kufuli linafunguka. Nimeacha hivyo kwa sababu tumeshazika wabebaji waliokufa njiani na makufuli yao safi kabisa. Lakini ukifungua, unakula. Na ukishakula, sina namna ya kukutapisha."

Bibi Subilaga alikuwa akimtazama Hiza kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una mke?"

"Ninaye."

"Watoto?"

"Wawili."

"Basi utanielewa." Akakunjua karatasi aliyokuwa ameishika, akaisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma habari za mwingine. "Hapa nilimwambia Bupe aniandikie kabla hajaitoa njia. Inasema nilikuwa na binti, Tusa, alikufa akiwa na miaka tisa. Inasema nyumbani nimebaki na kuumwa kwake tu. Kitanda, ndoo, kikohozi. Hivyo ninavyo mpaka sasa. Lakini akiwa mzima yuko njiani, tukienda gulioni Isumba kila Alhamisi." Akaikunja karatasi. "Huyo yumo humo kwako. Usimguse."

"Sitamgusa, Bibi."

"Isumba wako kumi na tisa wenye homa ya tope, na wawili ni wajukuu zangu. Nenda."

Hiza alipotoka nje alijikuta anatembea akizungusha nyonga kidogo, mkono mmoja umepanda kushikilia mzigo usiokuwepo kichwani. Walinzi getini walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hiza akakunja uso, akaondoka upesi, na moyoni akaapa kwamba vituko vyovyote vingine vya miguu ile vitabaki kati yake na milima.

* * *

Ilipofika saa sita na nusu aliwasha redio.

"Bupe, Bupe, Hiza hapa."

Ukaja mkwaruzo, kisha sauti. "Kaka Hiza! Umefika?"

"Sijafika. Nimekwama. Nadhani nimepotea."

Neno lile, kutoka kinywa kile, lilikuwa geni. "Uko wapi?"

"Ningejua ningekuita?"

"Haya, basi. Miguu inafanyaje?"

Redio ilikuwa ya mkondo wa wazi. Kila msafirishaji kuanzia Tukuyu mpaka Makete huiacha ikilia kiunoni siku nzima, na hakuna watu wanaopenda umbea kama watu wanaotembea peke yao. Aseme nini? Kwamba yule Hiza asiyepotea anajifunika uso na kujibanza nyuma ya jiwe kama mwali? Wiki haitaisha kabla hajapewa jina jipya, na jina hilo atazikwa nalo.

"Inagoma tu," alisema.

"Inagoma vipi? Inasimama, inarudi nyuma, inafanya nini? Nieleze vizuri."

"Inagoma, dada, kama punda! Inafika mahali, haitaki kuendelea. Nieleze vipi zaidi?"

Redio ikapokewa na mtu mwingine. Pumzi ya kizee ilisikika kabla ya maneno. "Mwanangu, hapo mahali pakoje?"

"Kuna mti uliopigwa radi, Bibi. Chini yake kuna jiwe kubwa. Pembeni kuna mawe yamepangwa, kama zizi la zamani."

"Sipajui," alisema Bibi Subilaga. Kisha, taratibu, "Nilikuwa napajua?"

Hiza alijaribu kutazama upande wa njia, lakini ukungu ulikuwa umesogea na mti wenyewe hauonekani tena. Dira alikuwa nayo. Dira ingemwambia kaskazini iko wapi; isingemwambia tope liko wapi, na tope la milima ile, tangu maporomoko ya mwaka jana, lilikuwa likimeza ng'ombe na pembe zake.

"Bibi, naomba ruhusa nifungue kufuli. Sababu ya miguu kugoma iko huko ndani."

"Hapana."

"Bibi, kule kuna watu kumi na tisa."

"Unanihesabia mimi? Wale ni wa kwangu. Ndiyo maana nikakupa miguu. Mwanangu sijakupa." Sauti yake haikupanda. "Umetafuta njia nyingine?"

"Nimetafuta."

"Tafuta tena."

Bupe akarudi hewani akihema, kama aliyekuwa ameshaanza kukimbia. "Kaka Hiza, nisikilize. Kuna mama wawili wa rika la Bibi, walioolewa milima hiyo hiyo. Wako kanisani, mazoezi ya kwaya. Nawafuata. Watakuwa wanajua hapo pana nini. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ndiyo yote niliyo nayo. Kwa kweli haifiki."

"Basi nipe unayoweza. Usiguse kufuli. Kaka Hiza? Umesikia?"

"Nimesikia," alisema, na akaizima ili kutunza betri. Angalau hivyo ndivyo alivyojiambia.

* * *

Kusubiri ni kazi, na si kila mtu ameumbiwa. Hiza alisubiri dakika nne akiwa amesimama, tatu akizunguka jiwe, moja akiwa amekaa. Akafungua shati, akakigusa kisanduku, kilikuwa na joto. Akafunga shati. Akafungua tena.

Aliamua kuipita miguu kwa ujanja. Akafunga macho, akageuka mara tano mpaka kizunguzungu, akakimbia kuelekea alikodhani kuna njia. Hatua ya saba ardhi ikalainika, ya tisa ikawa haipo. Tope likamfika pajani, likamvuta taratibu bila haraka yoyote. Alijitupa kifudifudi, kisha akakumbuka kisanduku na kujigeuza chali, akashika majani kwa mikono miwili, akajivuta nje akilia kwa hasira. Kiatu cha kushoto kilibaki huko huko. Alipofika kwenye jiwe aliitazama saa.

Saa sita na dakika arobaini na tano. Robo saa ya Bupe ilikuwa imepita, na robo nyingine ilikuwa bado.

Aliwaza watu kumi na tisa wa Isumba, asiowajua hata mmoja kwa sura. Akamwaza mtoto mmoja aliyekufa miaka hamsini iliyopita. Hesabu haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni sauti ile ya kizee iliyosema hapana bila kupanda. Mtu akikupa miguu yake, nawe ukachukua na mwanawe, wewe ni nani? Lakini mtu akikaa nyuma ya jiwe na dawa tumboni, akiheshimu kufuli huku wengine wanakufa, huyo naye ni nani? Alilizungusha swali hilo, halikukaa. Hakuna lililokaa. Angekuwa mtu wa kutulia angewasha redio aulize mama wa kwaya wamefikia wapi. Kidole chake kilikuwa tayari nyuma ya sikio.

Akabonyeza mara tatu.

Kwanza ilikuja harufu, viazi vibichi na jasho. Kisha uzito wa kikapu shingoni, mbichi, wa kweli. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiwe lile lile, ila jua lilikuwa linawaka na khanga imemfunika kichwa na uso. Juu, penye mti ambao bado ulikuwa na majani, mzee alikuwa akiziba zizi lake kwa miiba. Baba mkwe. Mwanamke wa milima ile haonani na baba mkwe wake, hapiti mbele yake, hata jina lake halitaji. Akimwona njiani anaiacha njia, anajifunika, anangoja. Siku hiyo alikuwa amengoja sana, shingo inakatika.

Kando yake msichana mwenye gauni la njano alikuwa amejibana mdomo kwa mikono miwili, anacheka.

"Mama, umechoka?"

"Nyamaza, atasikia."

"Si babu tu?"

"Kwako ni babu."

Msichana akainuka, mzima kama kisu kipya, akapanda kilima mbio. Sauti yake ilisikika mpaka chini: "Babu wee! Kohoa upite, mama amebeba viazi!" Kisha mzee akakohoa, kikohozi kikubwa cha makusudi, mara tatu, akaenda zake nyuma ya zizi. Na yule mwanamke aliyejificha, akijua sasa njia ni wazi, akainuka na kushika njia, huku mtoto akirudi kwake mbio akijisifu. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, ilikuwa hivyo. Ndiyo sababu njia ya kujificha ilikuwa imekanyagwa kuliko njia yenyewe.

Hiza alifumbua macho. Uso ulikuwa umelowa.

Akakohoa mara tatu, kwa nguvu zote za kifua chake. Miguu ikainuka.

* * *

Njia yote iliyobaki Tusa alikuwa naye. Kufuli lilikuwa moja, na vyote vilivyokuwemo vilimwagika: maswali yake kuhusu konokono, wimbo aliouharibu maneno makusudi, siku alipokataa kubebwa na siku alipoomba kubebwa. Hiza alikimbia na mguu mmoja usio na kiatu, akimsikia, akijua kwamba kila anachokisikia hakipo tena popote pengine duniani. Hakuiwasha redio.

Aliingia Isumba saa tisa kasoro dakika kumi. Chupa zote kumi na tisa zilikuwa bado hai.

* * *

Siku ya nne alirudi Matembo, akakaa kwenye kile kile kiti. Bupe akaichomoa punje kwa kibanio, akamwekea Bibi Subilaga, wakangoja. Bibi alifunga macho. Vidole vya miguu yake vilichezacheza hewani.

"Imerudi," alisema. "Naiona. Matembo, daraja, mianzi, mti. Naiona mpaka Isumba." Akafumbua macho. "Haina mtu."

Bupe akatazama sakafu.

"Wale watu?" aliuliza Bibi.

"Wamepona wote, Bibi. Na wajukuu zako. Wanakusalimu."

"Ndaga, asante. Mungu ni mwema." Akasema hivyo kwa kumaanisha. "Na ulifungua."

"Nilifungua. Ulinikatalia, nikafungua."

"Kulikuwa na nini hapo kwenye jiwe?"

Hiza akamweleza. Alieleza zizi, mzee, khanga usoni. Alipofika hapo Bibi akainua mkono.

"Subiri. Na wewe ulikuwa unafanya hivyo? Ulikuwa unajifunika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Unainama? Unajificha?"

"Kila nilipofika."

Bibi Subilaga akamgeukia Bupe. "Alikuambia hayo kwenye redio?"

"Aliniambia inagoma," alisema Bupe. Alikuwa amekaza macho yake kwa Hiza na hayakuwa na huruma. "Wale mama niliwaleta mbio. Swali la kwanza walilouliza, kabla hata hawajakaa, ni je, anajifunika? Kama anajifunika anamkwepa mkwe, akohoe apite. Nikakuita. Ilikuwa saa saba kasoro dakika nane. Nikakuita, nikakuita, redio imezimwa."

Dakika saba tu baada ya kubonyeza. Hiza aliitafuta sababu ya kuwapa, akaikuta ni moja tu, na ilikuwa ndogo mno kwa kitu ilichokigharimu.

"Niliona aibu," alisema. "Watu wangesikia."

"Binti yeyote wa huku angekuambia," alisema Bibi. "Yeyote. Hata huyu Bupe na usomi wake angekumbuka bibi zake." Hakupiga kelele; ingekuwa nafuu angepiga. "Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyosema. Sasa wewe umeficha, na mimi ndiye nimekosa mtoto."

Hiza alishuka kwenye kiti, akapiga magoti. Hakujua watu wa milima ile huombwa radhi vipi, kwa hiyo aliomba kama wanavyoomba kwao, mikono yote miwili sakafuni. Bibi alimwacha hivyo muda mrefu. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, shoka likipiga na kutulia, likipiga na kutulia.

"Inuka," alisema hatimaye. "Ukikaa hapo chini sikusikii. Kaa hapa kitandani. Bupe, lete karatasi na kalamu, uandike, ingawa najua kuandika si kukumbuka." Akajisogeza ampe nafasi. "Haya. Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la njano, Bibi. Limefumuka pindo upande mmoja."

"Nilikuwa sijalishona?"

"Ulisema utalishona jioni."

Bibi Subilaga akatikisa kichwa polepole, kama anayesikia habari za jirani mvivu. "Endelea. Alicheka vipi?"

Hiza akafumba macho. Kicheko alikuwa akikisikia wazi, karibu kabisa, kikipanda juu kisha kukatika kwa kwikwi. Akafungua mdomo akitoe. Kikatoka kicheko kizito cha mwanamume, cha ovyo, kikajaa chumba kizima.

"Sicho," akasema haraka, jasho likimtoka. "Sicho hicho, Bibi. Ni chembamba zaidi, kinakwenda juu halafu... Ngoja."

"Nangoja," alisema Bibi Subilaga. "Jaribu tena."